Kisu cha kwanza cha msituni: tuulize moto kabla ya urembo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mada ya vifaa vya stadi za msituni, ambayo gazeti lako liliigusa katika makala iliyowashauri wasomaji namna ya kununua kisu chao cha kwanza kilichotengenezwa kwa mkono. Mwandishi wa makala ile alifanya jambo jema kuwakumbusha vijana kwamba bado wapo mafundi wanaotengeneza kisu kimoja baada ya kingine, na kwamba kisu cha namna hiyo kikitunzwa kinaweza kumtumikia mtu umri wake wote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushauri wake ilihusu mambo yanayoonekana kwa macho: mawimbi yaliyo kwenye bapa, rangi ya mpini, ukubwa wa kisu na umaarufu wa fundi. Mimi ninaamini, na ndiyo sababu ya kuandika barua hii, kwamba mnunuzi wa mara ya kwanza anapaswa kuanza na yale yasiyoonekana kwenye picha, yaani namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa, wembamba wa makali, na jinsi mpini unavyokaa mkononi baada ya nusu saa ya kuchonga. Urembo una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho.

Kisu cha msituni, kwa sehemu kubwa, ni kifaa cha kuchongea mbao. Anayekibeba atakitumia kuchonga vigingi vya hema, kukata mapengo kwenye vijiti ili vishikane, kuambua magome, kutoa maranda membamba ya kuwashia moto siku ambayo kuni zimelowa, na mara mojamoja kupasua kijigogo kwa kugonga mgongo wa kisu kwa rungu. Kukata matawi manene ni kazi ya msumeno na shoka, na kufyeka njia ni kazi ya panga. Mtu anayetaka kisu kimoja kizifanye kazi hizo zote huishia kununua kisu chenye bapa la sentimita 18 na unene wa milimita 6, ambacho ni kizito mno kwa kuchongea na chepesi mno kwa kukatia miti. Kwa maoni yangu bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha kabisa, na unene wa milimita 3 mgongoni huwafaa watu wengi. Milimita 4 iwe ndiyo kikomo. Bapa nene huitanua mbao na kuipasua kabla ya kuikata, na kijiti ambacho kingetoa maranda marefu yaliyojikunja huishia kutoa vipande vifupi vinavyokatikakatika.

Waliofundisha fani hii kwa miaka mingi hawakuelekea kwenye visu vikubwa. Mors Kochanski, mwalimu wa Kanada aliyefariki mwaka 2019, alijulikana kwa kupendekeza visu vyepesi vya kiwandani kutoka mji wa Mora nchini Uswidi. Ray Mears wa Uingereza, kwa kushirikiana na fundi Alan Wood, alibuni kisu chenye bapa fupi lisilo na madoido, makali ya mteremko mmoja na chuma cha kaboni kinachoitwa O1. Siwataji ili kila mtu awaige. Nawataja kwa sababu watu walioshika kisu karibu kila siku ya kazi yao walifika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Kwa sababu hiyohiyo ningemshauri mtu ambaye hajawahi kumiliki kisu chochote cha msituni aanze na cha kiwandani cha bei nafuu, akitumie msimu mzima, akinoe mwenyewe, ndipo aende kwa fundi. Wakati huo atakuwa anajua kama mpini ule ulikuwa mwembamba kwa kiganja chake, kama alitamani ncha iwe chini au juu zaidi, na kama sehemu ya makali anayoitumia sana ni ile ya karibu na mpini au ile ya mbele. Fundi anayepokea agizo la namna hiyo ana kitu cha kufanyia kazi, ilhali anayeambiwa tu kwamba kisu kiwe kizuri na imara atalazimika kubuni mwenyewe.

Sasa niingie kwenye moto, kwa kuwa hapa ndipo makala yenu iliponyamaza. Kisu kilichokwisha kupewa umbo, kama hakijapitishwa motoni kwa utaratibu, bado ni laini, na makali yake yatalala punde tu yakutanapo na mti mgumu. Fundi anayetumia chuma cha kawaida cha kaboni hukipasha moto hadi kipite nyuzijoto 770 za Selsiasi, ambapo sumaku haikishiki tena, kisha hukiongezea joto kidogo, kwa aina ya chuma cha kaboni iitwayo 1084 hadi kufikia nyuzi 815 hivi, na kukizamisha mara moja katika mafuta. Kwa sekunde chache hizo kaboni iliyoyeyuka ndani ya chuma hunaswa mahali ilipo, na chuma huwa kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake bila kuking'ata. Ugumu huo hauna ustahimilivu, kwani kisu kikiachwa hivyo kinaweza kuvunjika kwa kuanguka tu sakafuni. Ndiyo maana hurudishwa katika joto dogo la nyuzi 200 hivi kwa muda wa saa mbili, na mafundi wengi hurudia hatua hiyo mara ya pili, ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu uongezeke. Katika kipimo cha ugumu wa chuma kiitwacho Rockwell C, kisu cha msituni cha chuma cha kaboni hufaa kikiwa kati ya 57 na 60. Chini sana ya hapo makali hulala upesi. Juu sana ya hapo hupata mapengo yanapokutana na kifundo cha tawi.

Hatua hizo zinasimulika kwa urahisi, lakini kuzitekeleza kunataka nidhamu. Fundi akizidisha joto kabla ya kuzima chuma kwenye mafuta, au akikiacha motoni muda mrefu kupita kiasi, punje za ndani ya chuma hukua, na kisu hutoka kikiwa kigumu kwa kipimo lakini makali yake humegeka. Jambo hili halionekani juu ya bapa hata kidogo. Fundi makini huchukua kipande cha chuma hichohicho, hukipitisha kwenye moto uleule na mafuta yaleyale, kisha hukivunja na kutazama mahali palipovunjika. Pakiwa pa kijivu kilichofifia, punje ni ndogo na kazi imekwenda sawa. Pakimetameta kwa chembe nene kama za sukari, moto ulizidi. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa kipande hicho, na kwa nilivyoona, mafundi wanaojua kazi yao hulipokea ombi hilo kwa furaha, kwa sababu ni mara chache mteja kuwauliza juu ya sehemu ya kazi iliyowatoa jasho zaidi.

Liko pia kosa linalotokea baadaye, wakati wa kusaga makali kwa mashine. Makali membamba hupata joto haraka mno, na yakishageuka rangi ya buluu maana yake ni kwamba joto limefika karibu nyuzi 300 na sehemu ya ugumu imekwisha kupotea. Msasa utaiondoa rangi ile kwa dakika moja, lakini hautaurudisha ugumu. Dalili yake hujulikana kazini: kipande kimoja cha makali, mara nyingi karibu na ncha ambako bapa ni jembamba, huwa butu mapema kuliko sehemu nyingine hata kinolewe vizuri namna gani. Kwa hiyo muulize fundi kama husaga akiwa ameshika bapa kwa mkono mtupu na kulichovya kwenye maji kila mara. Anayefanya hivyo atalisikia joto vidoleni kabla chuma hakijaharibika.

Kuhusu aina ya chuma, mnunuzi asitishwe na namba. Katika vyuma vya kaboni kama 1084 na 1095, tarakimu mbili za mwisho zinaeleza kiasi cha kaboni, yaani takriban asilimia 0.84 na asilimia 0.95. Chuma cha 1084 humsamehe fundi mwenye tanuri dogo, ilhali 1095 hutaka kupozwa kwa kasi zaidi na uangalizi mkubwa wa joto. Vyuma visivyoshika kutu kwa urahisi vina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na vile vya visu kwa kawaida huwa na zaidi ya hapo. Kimojawapo kizuri ni AEB-L, kilichobuniwa Uswidi kwa ajili ya nyembe. Lakini chuma cha namna hii huhitaji joto linalopita nyuzi 1,000, tena linalodhibitiwa kwa kipimo, kwa hiyo fundi asiye na tanuri la umeme lenye kidhibiti joto, na asiyepeleka kazi yake kwa mtaalamu mwenye tanuri hilo, hafai kuagizwa kisu cha chuma hicho. Kati ya chuma cha kawaida kilichopikwa vizuri na chuma cha gharama kilichopikwa kwa kukisia, mimi nitachukua cha kwanza bila kusita.

Hali kadhalika visu vilivyotengenezwa kwa springi kuukuu za magari. Springi hutengenezwa kwa chuma chenye sifa nzuri, na mafundi wengi wamejifunzia kazi humo, lakini chuma kilichokwisha kubeba mizigo kwa miaka kinaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mara nyingi fundi hajui kwa hakika ni chuma cha aina gani. Anayeagiza kisu kipya kwa gharama kubwa anastahili chuma kipya kinachojulikana.

Mawimbi yaliyosifiwa katika makala yenu hutokana na tabaka za vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto na nyundo, kimoja kikiwa mara nyingi na nikeli, ambacho hubaki cheupe bapa linapotiwa asidi, na kingine kikawa cheusi. Ni ufundi wa hali ya juu, na Mmarekani William Moran alipoonyesha visu vya namna hiyo hadharani mwaka 1973 aliwaamsha mafundi wengi waliokuwa wameusahau. Ila mawimbi hayaongezi ukali. Bapa la chuma kimoja lililopikwa vizuri hukata sawasawa na lile, wakati visu vingi vya mawimbi vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia havisemi tabaka zake ni za vyuma gani, na pengine tabaka zenyewe hazikushikana. Kwa kisu cha kwanza, fedha ya mawimbi iende kwenye mpini na ala.

Nisingependa pia wasomaji wadhani kwamba kisu cha kweli ni kile kilichopigwa nyundo pekee. Wako mafundi wanaokata umbo la kisu kutoka kwenye bamba la chuma na kulisaga hadi mwisho, na kazi yao ni ya mkono vilevile. Kinachotofautisha kisu kimoja na kingine ni yale niliyoyaeleza kuhusu moto, pamoja na umbo la makali, ambalo nalo lina mambo yake.

Kwa mtu anayeanza, napendekeza makali ya mteremko mmoja mpana kila upande, mtindo uliozoeleka katika nchi za Skandinavia, yenye pembe ya jumla ya nyuzi 20 hadi 25. Faida yake ni kwamba mteremko wenyewe hulala juu ya jiwe la kunolea na kuuelekeza mkono, hivyo mtu asiye na uzoefu halazimiki kubahatisha pembe. Mteremko huohuo ukilazwa juu ya mti humwezesha mchongaji kuongoza unene wa maranda kwa kuinua au kushusha mkono kidogo sana. Makali yaliyovimba kidogo kwa mviringo ni imara zaidi yanapopasulia kuni, lakini kuyanoa kunataka mazoezi ambayo anayeanza bado hana.

Kisha atazame makali yanapoanzia. Katika visu vingi vya maonyesho kuna nafasi ya sentimita mbili au zaidi kati ya mpini na mwanzo wa makali, mahali panapopendeza kwa nembo ya fundi. Msituni nafasi hiyo ni hasara, kwa sababu nguvu zote za kuchonga ziko karibu na ngumi, na kila milimita inayosogeza makali mbele inampunguzia mchongaji nguvu na usahihi. Kikingio kikubwa cha vidole kina kasoro hiyohiyo, tena huzuia kidole gumba kukaa mgongoni mwa bapa. Mgongo wenyewe uwe na kona kali za mraba, si za kuviringishwa, ili uweze kukwangua magome makavu kuwa nyuzi za kuwashia moto na kutoa cheche kwenye kijiti cha ferosiriamu, aloi iliyobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Mgongo usipokuwa na kona hizo, mtu huanza kutumia makali kupata cheche, na kunoa upya huanzia siku hiyo.

Mpini ndio unaoamua kama kisu kitapendwa. Picha haiwezi kuusema. Ukiupata mkononi, fumba macho, kaza ngumi kwa dakika moja au mbili, kisha geuza kisu makali yaelekee juu, halafu kishike kama mtu anayevuta makali kuelekea kifuani kwa tahadhari. Mahali popote panapobonyea kiganja katika mishiko hiyo ndipo malengelenge yatakapotokea. Mpini wa umbo la yai, wenye urefu wa sentimita 11 hivi, usio na mabonde ya vidole, huikubali mishiko yote. Ule uliochongwa mabonde hukubali mmoja tu, na pengine wa mkono usio wako. Mbao iliyokaushwa vizuri na kushibishwa mafuta ya kitani hushikika vizuri hata ikiwa na unyevu. Mikata, ambayo ni tabaka za kitambaa zilizogandishwa kwa gundi ngumu, haitanuki wala kusinyaa kwa maji, na kwa anayefanya kazi katika mvua ningeipendelea.

Ndani ya mpini kuna msuka, yaani sehemu ya chuma inayoendelea kutoka kwenye bapa. Makala yenu ilisema kwamba msuka usipokuwa na upana wa mpini mzima kisu ni dhaifu. Hapo naomba kutofautiana kwa heshima. Msuka mpana, uliobanwa kwa vipande viwili vya mbao na ribiti, ni imara kweli na ni rahisi kukaguliwa, na kwa kisu kitakachogongwagongwa sana ni chaguo salama. Lakini visu vya Finland vimetengenezwa kwa msuka mwembamba uliofichwa ndani ya mti kwa vizazi na vizazi; ni vyepesi, na wakati wa baridi kali mkono haugusi chuma. Udhaifu hutokea pale msuka unapokutana na bapa kwa kona kali ya mraba, kwani ufa huanzia hapo. Muulize fundi kama kona ile ameiviringisha. Kisha pitisha ukucha mahali mti unapokutana na chuma: ukucha usikwame popote, kwa kuwa mwanya mdogo wa hapo ndio mlango wa maji na kutu isiyofikika.

Ala nayo isichukuliwe kuwa nyongeza. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ni bora kuliko ile iliyotiwa chumvi za kromiamu, ambazo huweza kuchochea kutu kwenye bapa. Ndani ya mshono, upande wa makali, kuwe na ukanda wa ziada wa ngozi ili makali yasikate nyuzi. Geuza ala juu chini na uitikise: kisu kisitoke. Baada ya kazi ya mvua kisu kikaushwe nje ya ala, kipakwe mafuta kidogo, wala kisihifadhiwe humo kwa miezi, maana ngozi hufyonza unyevu na kuuweka pale pale chuma kilipo.

Kisu kikifika, kishikwe chini ya taa, makali yakitazama juu. Makali yaliyo tayari hayarudishi mwanga. Mstari mweupe au nukta inayong'aa ni mahali palipo butu au penye pengo. Halafu kitazamwe kutoka nchani kuelekea mpinini, kwani mabapa hupinda yanapozimwa kwenye mafuta na si kila fundi huyanyoosha. Mambo haya mawili huchukua muda mfupi, na yafanywe kabla kisu hakijakata chochote, wakati fundi bado anaweza kukipokea na kukirekebisha bila ubishi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu atakaporudia mada hii aende kwa fundi siku ya kuzima chuma na akae naye hadi kisu kitoke kwenye joto la pili, kisha atuandikie aliyoyaona. Na baada ya hapo itengwe makala nzima ya kunoa: jiwe la kuanzia, namna ya kuusikia kwa kidole ule unyuzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili, na namna ya kuuondoa kwa mkanda wa ngozi. Wanunuzi wengi hufikishiwa kisu kizuri na hakuna anayewaonyesha hayo.

Ni mimi msomaji wako.